MKATE WA GAZETI DOGO

Watu wengi wanaposhika gazeti mkononi hudhani kuwa nyuma yake ipo nyumba ya ghorofa, yenye makarani tele na mitambo ingurumayo usiku kucha. Pengine ndivyo ilivyo huko London na New York. Lakini gazeti la mji mdogo hutengenezwa katika vyumba viwili vitatu, na watu wanaohesabika kwa vidole, na mara nyingi mwenye gazeti ndiye huyo huyo afunguaye mlango asubuhi. Leo twapenda kusema juu ya wafanya kazi wa magazeti ya namna hiyo, maana habari za matajiri wa magazeti zimekwisha andikwa mno.

Katika gazeti kubwa kila mtu ana fungu lake. Katika gazeti dogo, yule aliyekwenda kuwasikiliza madiwani wakibishana juu ya mfereji ndiye apigaye picha za mpira jioni, ndiye apokeaye tangazo la mazishi, na siku ya kupiga chapa ikifika ndiye apakiaye mafurushi garini. Mshahara wake ni haba. Tena hana mahali pa kujificha. Akimwandika diwani leo, kesho watakutana dukani wakinunua sukari. Na jina la mtoto likikosewa herufi moja katika habari za shule, mama yake atafika ofisini kabla chai haijapoa. Sisi twaona kuwa fimbo hiyo ya jirani hufundisha uangalifu kuliko chuo cho chote.

Lakini yafaa kuuliza: gazeti kama hilo hula wapi? Senti alipazo msomaji hazitoshi. Linalolilisha ni matangazo ya mwenye duka la mbegu, ya benki, na ya halmashauri yenyewe. Na watu hao hao ndio watakaopaswa kuandikwa siku watakapokosa. Chungu ni kimoja: mshahara wa mwandishi, faida ya mwenye gazeti na radhi ya jirani vyote vyapikwa humo.

Tutazame mji wa Storm Lake, katika jimbo la Iowa, Marekani. Ni mji wa watu kiasi cha elfu kumi na moja, katika nchi ya mahindi na nguruwe, wenye viwanda vya nyama ambavyo wafanya kazi wake wengi wametoka Mexico, Laos na nchi nyinginezo. Mwaka 1990 John Cullen alianzisha gazeti hapo, na ndugu yake mdogo, Art, akawa mhariri. Mke wa Art alipiga picha na kuandika. Mwana wao Tom akawa mwandishi wa habari. Walichapa nakala kiasi cha 3,000, mara mbili kwa wiki.

Mwaka 2015 shirika la maji la Des Moines, mji mkuu wa jimbo hilo, lilizishtaki wilaya tatu, mojawapo ikiwa Buena Vista, ambamo Storm Lake umo. Lilidai kuwa naitreti itokayo mashambani hupita katika mifereji ya wilaya hizo na kuingia mtoni, na watu wa mjini huyanywa maji ya mto huo. Wilaya zikaweka mawakili wa gharama kubwa. Gazeti likauliza, ni nani alipaye? Ikajulikana kuwa fedha zatoka katika mfuko uliokusanywa na vyama vya biashara ya kilimo, lakini majina ya watoaji yamefichwa. Fikirini, ndugu wasomaji: gazeti linalosomwa na wakulima, katika mji unaoishi kwa kilimo, likiwadai wakubwa wa kilimo wataje majina yao! Tom alichimba habari, Art akaandika tahariri juma baada ya juma. Mwaka 2017 tahariri hizo zilipata tuzo ya Pulitzer.

Tuzo ile ilikuwa dola 15,000, fedha zisizolipa mishahara ya mwaka. Ugonjwa wa korona ulipokuja mwaka 2020 matangazo yalipungua, na gazeti likaomba michango ya watu wake. John, aliyekwisha fika umri wa pensheni, aliacha kuchukua mshahara ili wengine wapate wao. Twalitaja jambo hili kwa kusudi. Hatusemi kuwa kila mwenye gazeti dogo ni mtu mwema. Wapo wapendao kusema “sisi ni jamaa moja” siku ya kazi, na siku ya mshahara jamaa husahauliwa. Mfanya kazi ana haki ya kumtazama bwana wake anapofika wakati wa njaa, aone ni nani anayefunga mkanda kwanza.

Iko pia njaa ya namna nyingine. Huko Marion, mji wa watu wapatao 1,900 katika jimbo la Kansas, kuna gazeti la kila juma liitwalo Marion County Record, lililoanza mwaka 1869. Tarehe 11 Agosti 2023 polisi waliingia ofisini mwake wakachukua kompyuta na simu za waandishi. Mmoja alinyang'anywa simu yake mkononi. Waliingia pia nyumbani kwa mwenye gazeti, Eric Meyer, alimokuwa mama yake, Joan, mwenye umri wa miaka 98, naye mmiliki mwenza. Bibi huyo alifariki siku ya pili yake. Siku chache baadaye mwendesha mashtaka alisema ushahidi haukutosha, na vitu vikarudishwa. Mnamo Novemba 2025 wilaya ilikubali kulipa zaidi ya dola milioni 3, na kuomba radhi.

Mawakili watayazungumza hayo. Sisi, tunaojua siku ya chapa ilivyo, twautazama usiku wa Jumanne ile, tarehe 15 Agosti. Hawakuwa na kompyuta zao, wala kumbukumbu zao, wala kurasa walizokuwa wamekwisha zianza. Walikusanya mashine kuukuu, wakapanga kurasa upya, hata kukacha. Jumatano gazeti likatoka, na kichwa chake cha habari, kwa herufi kubwa, kikasema wamenyang'anywa lakini hawakunyamazishwa.