Bushi za Ekseli ya Nyuma

Aliyepata kusafiri Pemba toka Mkoani hadi Chake Chake, kisha akaendelea mpaka Wete na Konde, hahitaji kuelezwa kwamba kisiwa hiki, ambacho Waarabu walikiita Al-Jazira al-Khadhraa kwa ajili ya ukijani wake, ni nchi ya vilima na mabonde, na kwamba gari likipanda na kushuka humo miaka arubaini, likipita leo lami na kesho njia ya shamba iliyochimbuliwa na mvua za masika, halina budi kudhoofika viungo. Na viungo vinavyotangulia kudhoofika, aghalabu kabla injini haijatoa lalamiko lolote, ni vile vipande vya mpira na chuma ambavyo mafundi wetu huviita bushi.

Nia yangu ni kuzungumzia Land Rover za kale, zile zilizoanza kutoka Solihull, Uingereza, mwaka 1948, ambazo bado huonekana huku na huko zikihuishwa na watu wenye mapenzi nazo. Gari hizi zilivishwa bodi ya aluminiamu kwa sababu chuma kilikuwa adimu baada ya vita, na kwa hiyo bodi hailiwi na kutu. Lakini chesisi ni ya chuma, na hewa ya pwani, yenye chumvi na unyevu, haina huruma na chuma. Ndiyo maana mtu anaweza kuliona gari limenyooka na kupakwa rangi mpya, akalipenda, ilhali chini yake mna maradhi.

Ekseli ya nyuma haikufungwa moja kwa moja na chesisi. Hubebwa na springi mbili, moja kila upande, na kila springi ni mabamba ya chuma yaliyolazwa moja juu ya jingine na kupindwa mfano wa upinde. Ncha ya mbele ina tundu linalopitishwa boliti ya kuishikisha na chesisi. Ncha ya nyuma nayo huning'inia kwa vibao viwili vya chuma viwezavyo kuyumba, kwa kuwa springi ikigandamizwa hurefuka na lazima ipate pa kwenda. Katika kila tundu, na pale vibao vinapokutana na chesisi, mna bushi, jumla yake sita: mabomba mawili ya chuma, dogo ndani ya kubwa, na baina yao mpira ulioambatana nayo yote mawili. Boliti ikikazwa hulibana bomba la ndani lisizunguke kabisa, hata springi inapocheza kinachojipinda ni mpira wenyewe. Mpira ukichoka, gari hugonga nyuma kila lipitapo shimo. Ukizidi kuchoka, ekseli huhama mahali pake, na dereva akahisi gari linavuta upande ambao yeye hakulielekeza.

Nilishinda siku nzima katika gereji moja ya Wete nikitazama kazi ya kubadilisha bushi hizi katika Land Rover moja. Magurudumu ya mbele yalizuiwa kwa magogo, chesisi ikapandishwa juu ya nguzo za chuma, ekseli ikaachwa juu ya jeki. Boliti zilikuwa zimegandana na mabomba ya ndani kwa kutu, na fundi alikuwa amekwisha kuzimiminia mafuta tangu juzi yake. Bushi za ndani ya chesisi ndizo zilizotaka ustadi. Alitoa mpira, akapitisha utambi wa msumeno ndani ya bomba la nje, akaanza kulikata kwa urefu, polepole, kwa sababu chuma cha bomba ni chembamba na nyuma yake ni chesisi, na jicho haliwezi kupambanua mpaka. Alikuwa akisikiliza. Sauti ilipobadilika akaacha, akalikunja bomba kwa patasi, likatoka. Wako wanaochoma mpira kwa moto ili kufupisha kazi; moshi wake ni sumu, nami sioni haraka inayostahili kulipiwa kwa mapafu.

Tundu likasuguliwa kwa msasa, na bushi mpya, iliyovuka bahari toka Unguja, ikavutwa ndani kwa boliti ndefu yenye nati na washa, pasi na kupigwa nyundo, nguvu ikielekezwa kwenye bomba la nje. Zipo pia bushi za kuchongwa katika tairi kuukuu. Humfikisha mtu nyumbani, lakini kwa gari linalohuishwa nadhani ni dhulma.

Mwanafunzi wa fundi alishika spana akaze ilhali gari li juu.

"Ngoja, mwanangu," fundi akasema. "Likae kwanza chini kwa miguu yake."

Hapo ndipo kazi nyingi huharibika. Gari likiwa limeinuliwa, springi huning'inia. Nati zikikazwa hivyo, mpira hufungwa katika umbo hilo, na gari lishushwapo huwa umekwisha kupindika kabla ya safari, ukachanika upesi. Basi wakalishusha, wakalitikisa mara tatu, fundi akajilaza mkekani chini yake akakaza nati zote sita. Akamwambia mwenye gari aende nalo Chake Chake na kurudi, kisha alilete tena zikaguliwe kwa spana ile ile.