Rauta ni ya nani? Biashara ya intaneti ya nyumbani inapofika Zuzu

Kwa wahandisi wa umeme, Zuzu, pembezoni mwa Dodoma, ni kituo cha kupoza umeme cha TANESCO. Njia ya msongo wa kilovoti 400 kutoka Iringa kwenda Shinyanga inapita hapo, na nyingine imeelekezwa hapo kutoka Chalinze kwa ajili ya umeme wa Bwawa la Julius Nyerere. Njia za aina hii hazisafirishi umeme peke yake. Ndani ya waya wa juu kabisa, ule unaokinga radi, huwekwa nyuzi za faiba, na Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano unaosimamiwa na TTCL umetumia sana nguzo za TANESCO kuvuka nchi. Lakini mkazi wa pembezoni mwa Dodoma anayetaka intaneti ya nyumbani, mara nyingi anachouziwa ni rauta ya laini ya simu.

Sababu yake ni ya kibiashara. Faiba ya kwenye nguzo kubwa haichomolewi popote mteja alipo. Lazima ishushwe kwenye kituo chenye mitambo, kisha isambazwe kwa nguzo ndogo mtaa kwa mtaa. Uzi mmoja hugawanywa kwa nyumba 32 au 64, na hesabu hulipa haraka pale nyumba zilipobanana, kama kwenye maghorofa ya Kariakoo. Penye viwanja vilivyopimwa ambavyo nusu bado ni vichaka, kampuni inavuta waya mrefu kuwafuata wateja wachache. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 410,956 katika Dodoma mjini. Ya 2022 ikahesabu 765,179. Tangu Serikali itangaze kuhamia Dodoma mwaka 2016, jiji limekuwa likitanuka haraka kuliko nguzo za faiba zinavyoweza kulifuata.

Pengo hilo ndilo soko la rauta za 4G na 5G. Vodacom ilizindua 5G Septemba 2022, na mwezi uliofuata mamlaka ya mawasiliano, TCRA, ikanadi masafa kwa kampuni nne, mnada ulioingiza zaidi ya dola milioni 187. Fedha hizo lazima zirudi, na simu ya mkononi peke yake haizirudishi upesi. Nyumba yenye televisheni, watoto wawili wanaosoma na mtu anayefanya kazi kwa kompyuta inatumia data nyingi kuliko simu kadhaa. Ndiyo maana rauta inasukumwa kwa bei ya kuvutia, pengine hata bure, ilimradi mteja aahidi kulipa kila mwezi.

Hapo ndipo mnunuzi anapopaswa kusoma maandishi madogo. Rauta nyingi zinazouzwa na kampuni za simu zimefungwa: zinakubali laini ya kampuni ile tu. Mteja akiona mnara wa kampuni nyingine ndio wenye nguvu mtaani kwake, hawezi kubadilisha laini kama anavyofanya kwenye simu. Analazimika kununua kifaa kingine, na kile cha kwanza kibaki kabatini kikiwa kizima. Naelewa kwamba kampuni iliyopunguza bei ya kifaa inataka kurudisha gharama yake. Nisichokubali ni kufuli kuendelea baada ya gharama hiyo kurudi, au kuwekwa kwenye kifaa ambacho mteja amekilipia chote mkononi. Ujerumani ilimaliza suala hili kwa sheria iliyoanza Agosti 1, 2016: mteja anachagua rauta yake, na kampuni inatakiwa kumpa taarifa za kujiungia. Marekani nayo, tangu Desemba 2020, inakataza kampuni kutoza ada ya kukodi kifaa ambacho haikumpa mteja.

Kenya inaonyesha ushindani unavyofanya kazi pale sheria ilipokaa kimya. Starlink, kampuni ya intaneti ya setilaiti, iliingia huko Julai 2023 na vifaa vyake vilikuwa ghali kwa familia ya kawaida. Agosti 2024 ikaanza kuvikodisha kwa shilingi 1,950 za Kenya kwa mwezi, na wiki chache baadaye Safaricom ikaongeza kasi ya vifurushi vyake vya faiba ya nyumbani.

Mbali na kifaa, hapa kwetu kodi ya serikali nayo ina uzito wake. Kwa viwango vilivyodumu miaka mingi, ushuru wa asilimia 17 na VAT ya asilimia 18 juu yake, huduma ya shilingi 100,000 ilikuwa ikimfikia mteja kwa 138,060.

Kuna mambo ambayo muuzaji haelezi mpaka aulizwe. Megabiti 20 kwa sekunde ni megabaiti mbili na nusu tu, kwa hiyo filamu ya gigabaiti moja inachukua karibu dakika saba mambo yakiwa mazuri. Mnara mmoja unahudumia simu zote za mtaa pamoja na rauta, kwa hiyo kasi ya saa nne asubuhi si ya saa mbili usiku. “Bila kikomo” mara nyingi maana yake ni kwamba ukivuka kiwango fulani hukatiwi, unapunguziwa kasi. Bati nalo hukata mawimbi: rauta iwekwe dirishani upande wa mnara, isifichwe nyuma ya televisheni. Na kwa kuwa rauta nyingi hutumia volti 12 tu, betri ndogo inatosha kuiweka hewani umeme ukikatika.

TCRA ina mamlaka ya kuweka kanuni ya mstari mmoja: mkataba ukiisha au kifaa kikilipwa chote, kampuni ikifungue bila malipo. Jiji la Dodoma nalo, kila linapopima viwanja vipya, litenge njia ya faiba sambamba na ya maji na ya umeme, maana kuchimba barabara iliyokwisha kujengwa ni gharama inayorudi kwa mteja. Wewe mkazi wa Zuzu unayefikiria kujiunga wiki hii, omba kwanza kuijaribu rauta nyumbani kwako usiku, na upewe jibu la maandishi kuhusu lini itafunguliwa. Wauzaji wakikataa yote mawili, usisaini.