Giza la Tromsø na Mwili Uliozoea Ikweta

Mwishoni mwa Novemba jua huuaga mji wa Tromsø, kaskazini mwa Norwei, na kwa sababu ya milima inayouzunguka, wakazi hawalioni tena mpaka tarehe 21 Januari. Mji huo upo karibu na nyuzi 70 kaskazini mwa ikweta. Dunia imeinama nyuzi 23.4 kwenye mhimili wake, na mwezi wa Desemba upande ule wa kaskazini huwa umelipa jua kisogo. Mchana hutokea mwanga hafifu wa buluu unaodumu saa chache, kisha usiku hurudi.

Norwei imepokea maelfu ya Wakongo kutoka kambi za wakimbizi za Uganda na kwingineko, na baadhi yao wamepangiwa makazi katika manispaa za kaskazini. Wengi ni wasemaji wa Kiswahili. Swali wanaloniuliza zaidi kama daktari ni namna ya kuivumilia baridi. Mimi huwajibu kwamba baridi ina dawa rahisi, nayo ni nguo. Kinachowadhoofisha watu ni giza, na giza huwaumiza zaidi wanapojifungia ndani kuikimbia baridi. Tena baridi yenyewe ya Tromsø haitishi kama watu wanavyodhani: mkondo wa maji ya uvuguvugu unaopanda kutoka Atlantiki huufanya wastani wa Januari uwe kama nyuzi 4 chini ya sifuri. Minneapolis na Winnipeg, ambako nako Waafrika Mashariki ni wengi, kuna baridi kali zaidi ingawa miji hiyo ipo kusini sana mwa Tromsø.

Tuanze na mwanga, maana hapo ndipo penye kiini cha mambo.

Mtu aliyekulia Bukavu, Kampala au Mombasa amezoea jua linalochomoza karibu saa kumi na mbili asubuhi mwaka mzima. Hata saa zetu tunazihesabu kutoka hapo. Mwili nao una saa yake, iliyo katika kiini kidogo ndani ya ubongo, juu tu ya mahali mishipa ya macho inapokutana. Saa hiyo haiendi sawasawa na siku ya saa 24. Lazima irekebishwe kila asubuhi, na kirekebishaji chake ni mwanga. Mwaka 2002 wanasayansi walithibitisha kwamba mbali na seli za kuonea, jicho lina seli nyingine chache zenye protini iitwayo melanopsini, ambazo kazi yake kubwa ni kuuarifu ubongo kwamba kumekucha. Habari hiyo ikifika, utoaji wa melatonini, homoni ya usiku, hukoma. Isipofika, mtu huamka kwa saa ya ukutani ilhali mwili wake bado unajiona upo usiku wa manane. Hapo ndipo huzaliwa usingizi usioisha mchana, macho makavu usiku, hamu ya wanga na sukari, na moyo mzito usio na sababu ya kutajika.

Hali hii ikizidi inakuwa ugonjwa kamili, sonona ya msimu. Aliyeieleza kitaalamu kwa mara ya kwanza, mwaka 1984, pamoja na wenzake katika taasisi ya taifa ya afya ya akili ya Marekani, ni daktari Norman Rosenthal, mzaliwa wa Johannesburg. Alihamia New York katika miaka ya 1970, na majira ya baridi yalipofika akaona nguvu zake zinapungua, kisha zikarejea pamoja na jua. Mgeni kutoka Afrika ndiye aliyelitambua tatizo ambalo wenyeji walikuwa wamelizoea. Ninapenda wagonjwa wangu wayajue haya, kwa sababu wengi huja wakiona aibu, wakidhani wamekuwa wavivu au imani yao imepungua.

Mwanga hupimwa kwa luksi. Sebule yenye taa za kawaida ina luksi 100 hadi 300 hivi. Nje, hata siku yenye mawingu mazito, luksi hufika maelfu. Jua la adhuhuri huvuka 100,000. Macho yetu hujirekebisha haraka, ndiyo maana mtu aliyekaa ndani haoni jinsi alivyo gizani. Kwa hiyo mkazi wa Oslo, Stockholm au Minneapolis akitembea nje nusu saa asubuhi, hata mawingu yakiwa yametanda, hupata mwanga ambao taa zote za nyumba yake haziwezi kumpa. Theluji mpya humwongezea, kwa kuwa hurudisha zaidi ya asilimia 80 ya mwanga unaoiangukia. Tromsø mwezi wa Desemba ni habari nyingine: nje nako hakuna mwanga wa kutosha, na hapo ninashauri taa maalumu ya luksi 10,000, dakika 30 kila asubuhi, ukiwa umekaa kwa umbali ulioelezwa na watengenezaji, unakunywa chai, bila kuikodolea macho. Mwenye maradhi ya macho, au mwenye ugonjwa wa kupanda na kushuka kwa hisia, amwone daktari kwanza. Na yeyote ambaye huzuni imemfikisha mahali pa kutaka kufa asingoje taa wala jua. Aende hospitali leo.

Sasa, wenyeji wenyewe wanaishije? Utafiti mkubwa wa afya unaofanyika Tromsø uliwahi kuwauliza maelfu ya wakazi kuhusu mfadhaiko, na waliojibu wakati wa giza hawakutofautiana sana na waliojibu misimu mingine, ingawa matatizo ya usingizi yalijitokeza. Mwanasaikolojia Mmarekani Kari Leibowitz alikwenda huko mwaka 2014 kuichunguza siri hiyo pamoja na Joar Vittersø wa Chuo Kikuu cha Tromsø. Waliwauliza watu wanayaonaje majira ya baridi: je, ni adha, au ni wakati wenye raha zake? Waligundua kwamba kadiri watu walivyoishi kaskazini zaidi, kutoka Oslo hadi Tromsø hadi visiwa vya Svalbard, ndivyo walivyoyaona kwa jicho jema, na wenye jicho hilo walikuwa wameridhika zaidi na maisha. Uchunguzi wa namna hii hauthibitishi kwamba mtazamo ndio ulioleta furaha. Huenda wasioipenda baridi walishahama. Hata hivyo, nikiutazama pamoja na mienendo ya watu wale, naona mantiki yake: anayetarajia raha hutoka nje kuitafuta, na kutoka huko ndiko kunakompa mwendo, mwanga na watu.

Kwa maana wanatoka kweli. Kisiwani Tromsø kuna njia za skii zilizowekewa taa, na jioni utawaona wazee, wanafunzi na wafanyakazi waliotoka kazini wakiteleza humo. Januari kuna tamasha la filamu, ambalo huonyesha baadhi ya filamu nje, uwanjani, watazamaji wakiwa wamejifunika vizuri. Watu huwasha moto nyuma ya nyumba, huchoma soseji, hunywa kahawa, hungojea mianga ya kaskazini icheze angani. Tarehe 21 Januari jua linaporudi, watoto wa shule hutoka kulilaki, na mji mzima hula maandazi ya mviringo yenye jamu ndani. Chekechea nazo huwatoa watoto nje kila siku, theluji ikianguka au isianguke, na wachanga hulazwa nje katika vigari vyao wakiwa wamefunikwa sufu.

Jambo hili la mwisho huwashtua mama zetu kuliko yote. “Daktari, mwanangu atashikwa na nimonia.” Ninaielewa hofu hiyo, kwa sababu tumelelewa nayo sote. Lakini nimonia na mafua husababishwa na vijidudu, na vijidudu husambaa pale watu wanapobanana ndani, madirisha yamefungwa, hewa imekauka kwa vipasha joto. Ni kweli kwamba hewa baridi na kavu hukausha pua na kuwapa virusi nafasi, na mtoto mwenye pumu anaweza kubanwa na kifua, hivyo skafu mdomoni ni lazima kwake. Ila mtoto mwenye afya aliyevikwa sawasawa yuko salama nje.

Kuvikwa sawasawa kuna kanuni zake. Joto unalolihitaji hulizalisha wewe mwenyewe: misuli inapofanya kazi, sehemu kubwa ya nishati yake hutoka kama joto. Nguo haina joto; kazi yake ni kulizuia lisitoroke, na kinacholizuia ni hewa iliyonaswa kati ya nyuzi. Ndiyo sababu nguo tatu nyepesi zinashinda koti moja zito. Adui mkubwa ni unyevu, kwa kuwa maji hupitisha joto mara 25 hivi zaidi ya hewa. Fulana ya pamba hunyonya jasho na kubaki mbichi mwilini. Basi ya ndani kabisa iwe ya sufu, ambayo hushika unyevu mwingi bila kukupoza. Ya pili iwe ya sufu nene au flisi. Ya nje izuie upepo. Suruali ya jinzi pekee haifai. Ukianza safari unasikia ubaridi kidogo, umevaa vizuri. Ukiwa na joto tele mlangoni, utalowa jasho njiani. Pombe iepuke: hufungua mishipa ya damu ya ngozi, ukahisi joto huku mwili unalipoteza.

Mikono na miguu sisi Waafrika tuichunge zaidi. Tafiti za jeshi la Uingereza zimeonyesha kwamba askari wenye asili ya Afrika hupata majeraha ya baridi kwa wingi kuliko wenzao weupe, kwani mishipa ya vidole hujibana kwa nguvu na hukawia kufunguka. Vaa glavu za mfuko, zile ambazo vidole vinne hukaa pamoja. Buti ziwe na nafasi. Soksi mbili ndani ya kiatu kinachobana huzuia damu, na miguu huganda upesi kuliko kwa soksi moja. Kidole kikifa ganzi na ngozi yake kubadilika rangi, ingia ndani ukipashe kwa joto la mwili au maji ya uvuguvugu. Usikisugue wala kukiweka kwenye moto.

Kuhusu vitamini D nitasema kwa ufupi na kwa msisitizo. Kaskazini kule, kwa miezi kadhaa mwale wa jua unaotengeneza vitamini hiyo haufiki ardhini, na ngozi nyeusi huhitaji mwanga mwingi zaidi hata wakati wa kiangazi. Wanorwei wengi wenyewe hunywa kijiko cha mafuta ya ini la samaki kila siku. Mapendekezo ya kawaida kwa mtu mzima ni maikrogramu 10 kwa siku. Mwulize daktari wako kama wewe unahitaji zaidi. Mtoto anayenyonya apewe matone, maana matege bado yanawapata watoto wa wahamiaji, na yanazuilika kabisa.

Wengine wataniambia kwamba skii na sleji ni mambo ya wenye fedha. Katika manispaa nyingi za Norwei kuna vituo viitwavyo BUA, ambako skii, viatu vya kutelezea barafuni na sleji huazimwa bila malipo. Nendeni na watoto Jumamosi hii, asubuhi, muwahi mwanga wa mchana.