KUINUA GARI SI KUIMARISHA SPRINGI

Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Swali lililonifanya nishike kalamu ni hili: kwa nini pikapu iliyoinuliwa ili ishinde barabara mbaya huanza kuinamisha pua kila breki zinapokanyagwa? Na je, fundi afanye nini ili sehemu ya mbele iwe imara tena? Tafadhali usiruke ukurasa huu ukidhani ni mambo ya gereji tu. Wengi wetu hapa Osiri hupanda pikapu, na wengine karo yetu hutoka huko huko.

Barabara zetu tunazijua sote. Mvua ikinyesha, changarawe husombwa, mifereji huchimbika katikati ya njia, na udongo mweusi hugeuka kuwa uji. Gari lililo chini husugua tumbo. Ndiyo sababu wenye pikapu zinazobeba magunia ya mawe ya dhahabu kutoka machimboni hadi kwenye mashine za kusaga huwaambia mafundi, "Niinulie kidogo." Baba Mdogo naye alifanya hivyo. Pikapu yake ikapanda juu kwa kimo cha kiganja hivi, ikawa inapita mahali ambapo zamani ilikuwa inakwama. Tulifurahi kwelikweli.

Furaha hiyo haikudumu. Gari lilianza kuyumba kwenye kona kama mtu aliyelewa, na breki zikishikwa pua ilikuwa inazama. Baba Mdogo akarudi gereji. Fundi akasema, "Mbele imelegea, tuongeze bolti." Akakaza, akalipwa. Wiki mbili baadaye mambo yalikuwa yale yale, akakaza tena, akalipwa tena. Kisha jioni moja, kwenye mteremko, mbuzi akakatiza njia. Breki zikashikwa, pua ikazama, mkia ukachepuka, na utingo aliyekuwa ameketi juu ya magunia akarushwa mbele. Alivunjika mkono. Utingo huyo alikuwa mwanafunzi mwenzetu mpaka mwaka juzi. Tangu siku hiyo nilitaka kujua hasa ni nini kilichokuwa kimelegea.

Sasa tuanze somo. Chini ya gari, kati ya magurudumu na chesisi, kuna vitu viwili ambavyo watu hupenda kuvichanganya. Cha kwanza ni springi. Kazi yake ni kubeba uzito na kumeza kishindo cha shimo. Cha pili ni shokamzoba. Hiyo haibebi uzito wa gari hata kidogo. Kazi yake ni kuituliza springi isiendelee kurukaruka. Ndani yake mna mafuta yanayolazimishwa kupita kwenye vitundu vidogo, na taabu hiyo ya kupita ndiyo inayogeuza mrusho kuwa joto. Ndiyo maana ukiigusa shokamzoba baada ya safari ndefu ya mashimo utaikuta ina moto.

Springi nazo si za aina moja. Kuna za majani, yaani vyuma bapa vilivyopangwa kimoja juu ya kingine. Kuna za kuviringwa kama nyoka. Na kuna fimbo ndefu ya chuma inayojisokota gurudumu linapopanda, ambayo mafundi huiita tosheni. Land Cruiser pikapu za kabla ya mwaka 1999 zilikuwa na majani mbele. Mwaka huo zikaanza kutoka na za kuviringwa. Isuzu D-Max za kwanza, zilizoanza kutengenezwa mwaka 2002, zilitumia tosheni mbele, ilhali Hilux iliyoanza kutoka mwaka 2004 ina springi za kuviringwa. Kwa hiyo kabla hujatoa shilingi, jua kwanza gari lako lina springi gani.

Pikapu ya Baba Mdogo ni ya tosheni. Kwenye mwisho wa fimbo hiyo pana bolti, na ukiikaza pua ya gari hupanda. Ni rahisi, haihitaji kununua kitu, na hapo ndipo kosa lilipo. Watu hufikiri kwamba kwa kuwa bolti imekazwa, springi nayo imekuwa ngumu. La hasha! Kumbukeni maabara yetu tulipokuwa kidato cha pili. Tulining'iniza springi kwenye stendi, tukaweka uzito, tukapima imerefuka kiasi gani. Hiyo ni kanuni ya Robert Hooke, Mwingereza aliyeichapisha mwaka 1678: ukiongeza uzito maradufu, springi hurefuka maradufu, mradi usiipitishe mpaka wake. Sasa chukua stendi hiyo uiweke juu ya vitabu viwili. Springi imepanda juu, sivyo? Lakini ongeza uzito ule ule uone. Itarefuka kwa kiasi kile kile. Kukaza bolti ya tosheni ni kuweka stendi juu ya vitabu. Hakuna zaidi.

Tena kuna hasara. Gari likiinuka, uzito wake nao hukaa juu zaidi. Breki zikishikwa, sehemu ya uzito huhamia magurudumu ya mbele, na kadiri uzito unavyokaa juu ndivyo unavyohamia kwa wingi. Tufanye hesabu ya mfano. Gari la kilo 2000 lina mita 3 kutoka gurudumu la mbele hadi la nyuma, na kitovu cha uzito wake kiko mita 0.7 kutoka ardhini. Breki zinalipunguza mwendo kwa mita 6 kwa sekunde, kila sekunde. Zidisha 2000 kwa 6, kisha kwa 0.7, ugawanye kwa 3. Unapata niutoni 2800, karibu kilo 280 zinazoelemea mbele, yaani kilo 140 kwa kila gurudumu. Inua kitovu hicho kwa sentimita 10 na jibu linakuwa niutoni 3200, yaani kilo 160 kwa kila gurudumu. Ikiwa kila gurudumu la mbele linahitaji niutoni 400 ili lishuke sentimita moja, basi mwanzo pua ilizama sentimita 3.5, na sasa inazama 4. Springi haikubadilika. Tulichobadilisha ni kimo, nacho ndicho kilichotugeuka.

Basi springi huimarishwaje? Kwa kubadilisha chuma chenyewe. Ugumu wa tosheni hutegemea unene wake ukizidishwa kwa wenyewe mara nne. Kwa hiyo fimbo ya milimita 24 ikibadilishwa kwa ya milimita 26, yenye urefu ule ule, ugumu huongezeka kwa asilimia 38 hivi. Milimita mbili tu! Katika mfano wetu, zile sentimita 4 zinapungua kuwa 2.9. Springi ya kuviringwa nayo huwa ngumu waya wake ukiwa mnene zaidi. Za majani, ukiongeza jani la sita lenye urefu na unene sawa na yale matano, unapata ugumu zaidi kwa takriban asilimia 20.

Lakini tusikimbilie huko. Baba Mdogo alipompelekea gari fundi mwingine, mzee wa makamo, nilikuwepo. Nilidhani ataitisha spana mara moja. Wapi! Aliegemea bampa kwa nguvu zake zote, akaachilia. Pua ikapanda, ikashuka, ikapanda, ikashuka tena. Akaniuliza, "Kijana, umehesabu?" Nikamjibu, "Ndiyo, Mzee, imeruka mara tatu." Akasema, "Gari zima hupanda mara moja na kutulia." Akamulika kwa tochi, tukaona shokamzoba zote mbili zimelowa mafuta. Zilikuwa zimekufa. Isitoshe, zilikuwa zile zile za kabla ya gari kuinuliwa, fupi mno kwa kimo kipya. Kila gurudumu lilipoingia shimoni, shokamzoba zilivutwa hadi mwisho wake, zikagonga ndwii! Kumbe bolti iliyokazwa mara mbili haikuwa dawa, bali ilikuwa sehemu ya ugonjwa.

Mzee yule alifuata utaratibu ambao nauandika hapa ili utufae sote. Kwanza, alikagua mipira ya bushi na viungo vya magurudumu, maana kiungo kilicholegea hujifanya kama springi dhaifu. Pili, alirudisha bolti chini, akaacha gari likiwa juu kidogo tu. Tatu, aliweka shokamzoba mpya zenye urefu unaolingana na kimo hicho. Nne, alituma magurudumu yakapimwe yaelekee sawasawa, kwani kuinua gari huyapinda. Kubadilisha tosheni aliacha mpaka mwisho, na ikaonekana haihitajiki. Alieleza kwamba springi nene humfaa mwenye kubeba uzito wa kudumu mbele, kwa mfano bampa nzito la chuma. Ukiweka springi ngumu huku shokamzoba ni dhaifu, gari litaruka kama mbuzi. Na springi ikizidi ugumu, gurudumu haliufuati udongo, linaruka juu ya mawe, na breki hazina cha kushika.

Kuna maonyo mawili ambayo hakutaka tuyasahau. Usikubali springi ichomelewe, kwa sababu moto huharibu ugumu wa chuma na itavunjika ukiwa njiani. Pia usiwahi kulala chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake, wala kufungua springi iliyobanwa bila chombo cha kuishika. Nguvu iliyofichwa mle inaweza kuua mtu.

Wapenzi wa Safari Rally wanajua kwamba Joginder Singh, aliyeshinda mashindano hayo mwaka 1965, 1974 na 1976, alikuwa fundi wa magari kabla ya kuwa dereva mashuhuri. Sishangai. Anayejua kila kifaa kina kazi gani hapotezi pesa kutibu mguu ilhali kinachouma ni mgongo.

Siku hizi pikapu ya Baba Mdogo inasimama bila kuinama sana, na hakuna anayeruhusiwa kuketi juu ya magunia. Mwenzetu aliyevunjika mkono bado hajaweza kuinua gunia. Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukisikia mtu akisema, "Niongezee bolti," muulize kwanza, "Umeibonyeza bampa ukahesabu?" Usipoziba ufa utajenga ukuta, lakini kwanza ujue ufa uko wapi. Kwa hayo machache, naweka kalamu chini.