Gari la Michezo Linapochemsha: Yapi Ufanye Nyumbani, Yapi Umwachie Fundi

Gari likichemsha kwenye mlima wa Kitonga, ushauri wa kwanza ambao mmiliki hupewa kando ya barabara ni kuongeza maji na kuendelea na safari. Ushauri wa pili, akishafika mjini, ni kung'oa themostati na kuitupa, kwa hoja kwamba kifaa hicho kiliwekwa kwa ajili ya nchi za baridi. Yote mawili humtia mtumiaji hasara, hasa mwenye gari la michezo lenye turbo kama Subaru Impreza WRX, ambalo aghalabu huingia nchini likiwa limetumika na bila kumbukumbu za matengenezo.

Themostati ni mlango. Injini ikiwa baridi hujifunga ili joto la kazi lipatikane upesi. Joto linapokaribia nyuzi 80 hufunguka, maji yakapita kwenye rejeta. Ikikwama ikiwa imefungwa, gari litachemsha hata kama rejeta ni mpya. Ikiondolewa, injini hukawia kupata joto, hula mafuta mengi na kuchakaa mapema, na chanzo halisi cha hitilafu hubaki kimefichika. Kipuri hiki hubadilishwa, hakiondolewi.

Kabla ya kugusa chochote, zima injini na usubiri hadi bomba la juu la rejeta lishikike bila kuunguza mkono. Hatulisemi hili kwa mazoea. Mfuniko wa rejeta hutunza mgandamizo unaozuia maji yasichemke hata yakiwa na joto la kupita nyuzi 100. Ukifunguliwa kungali moto, mgandamizo hutoweka mara moja na maji hulipuka kwa mvuke usoni pa aliyeufungua.

Gari likishapoa, anza na vitu vya bei ndogo. Mfuniko ambao mpira wake umekauka haushiki mgandamizo. Mabomba ya mpira yakaguliwe hasa pale yanapobanwa na klipu. Ukisharudisha maji, washa injini na kiyoyozi, utazame kama feni zinazunguka. Zisipozunguka, kagua fyuzi na rilei kabla ya kununua feni.

Kujaza maji ndiko kunakowashinda wengi. Silinda za injini ya WRX zimelala ubavuni, na hewa hunaswa humo kwa urahisi. Kwenye magari yenye tangi dogo la juu karibu na injini, jaza polepole kupitia tangi hilo, fungua skrubu ya kutolea hewa iliyo juu ya rejeta kama ipo, kisha iache injini iunguruma bila kuondoka huku ukiutazama mshale wa joto. Ukipanda kupita kawaida, zima.

Usitumie maji ya kisima, hasa ya pwani: chumvi yake hula alumini ya rejeta. Tumia kulanti inayotajwa kwenye kitabu cha gari. Rangi si kipimo. Kulanti mbili za kijani zaweza kuwa na viambato tofauti kabisa. Kulanti nyingi zina glaikoli, ambayo ni tamu na ni sumu, kwa hiyo iliyomwagwa isiachwe kwenye beseni mahali watoto au mifugo wanapofika.

Oili ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, au mapovu yakitoka mfululizo kwenye tangi la maji injini inapounguruma, gasketi ya silinda hedi huenda imeungua. Hapo kazi ya nyumbani imekwisha. Pampu ya maji nayo tunashauri aachiwe fundi, kwa kuwa kwenye injini nyingi za WRX huendeshwa na mkanda wa taimingi, na mkanda ukifungwa vibaya valvu hugongana na pistoni.

Unapompelekea fundi, omba makadirio kwa maandishi, na umwambie mapema kuwa utachukua vipuri vya zamani. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mfanyabiashara kumpotosha mteja, lakini lalamiko bila ushahidi ni gumu kulishughulikia. Tunza risiti, boksi la kipuri na chupa ya kulanti yenye lebo yake, hata kama gari limeanza kwenda vizuri.