WASIKILIZAJI WA REDIO HUHESABIWAJE?

Mwenye gazeti ajua kwa urahisi ameuza nakala ngapi, kwa maana zisizouzwa hurudishwa kwake nazo huhesabiwa. Mwenye kituo cha redio hana njia hiyo. Yeye hutupa sauti yake hewani kama mpanzi atupaye mbegu gizani, asijue zimeangukia wapi. Chombo cha redio kazi yake ni kupokea tu, wala hakipeleki habari yo yote kituoni. Mtu akikifungua, akikifunga, au akilala usingizi nacho chaendelea kusema, mtangazaji hana habari. Basi hapana budi wasikilizaji wenyewe waulizwe.

Kuuliza huku si jambo geni. Katika Marekani, Bwana Archibald Crossley alianza mwaka 1930 kuwauliza watu kwa simu ni vipindi gani walivyovisikia. Huko Uingereza, shirika la BBC lilimwajiri Bwana Robert Silvey mwaka 1936 ili aanzishe idara ya kuchunguza wasikilizaji. Katika Kenya matangazo ya redio yalianza mwaka 1928, na kwa miaka mingi vituo vilikuwa vichache. Lakini tangu miaka ya 1990, vituo vya watu binafsi viliporuhusiwa, vimeongezeka sana, na kila kimoja chataka kujua kina wasikilizaji wangapi.

Hesabu hiyo ina faida gani? Kwanza, wafanyi biashara huitazama kabla ya kulipia matangazo yao. Pili, wakubwa wa kituo huitumia kupanga vipindi. Kipindi cha wakulima, au cha lugha ya watu wachache, kikionekana hakina wasikilizaji, chaweza kupelekwa saa ambayo watu wamelala, au kufutwa kabisa. Huenda wasikilizaji walikuwako, ila hawakuhesabiwa.

Kwa nini huulizwa wachache

Watu wengi husema, "Mimi sijaulizwa kamwe, wala jirani yangu, basi hesabu hii ni ya uongo." Lakini tumtazame mnunuzi wa mahindi. Hamwagi gunia zima chini ili aone kama mahindi ni mazuri. Huchoma gunia kwa bambo, akatoa punje chache za juu, za kati na za chini, akazitazama, akajua hali ya gunia zima. Akitoa za juu peke yake aweza kudanganywa.

Ndivyo ilivyo katika uchunguzi wa redio. Jambo kubwa si wingi wa watu wanaoulizwa, bali ni namna walivyochaguliwa. Mwaka 1936 gazeti moja la Marekani, Literary Digest, lilipeleka karatasi za maswali kwa watu kama milioni 10, ili lijue nani atashinda uchaguzi wa Rais. Zilirudi zaidi ya milioni 2, na gazeti likatangaza kwamba Bwana Landon atashinda. Siku ya uchaguzi Bwana Roosevelt alishinda katika majimbo 46 kati ya 48. Majina mengi yalikuwa yametolewa katika orodha za wenye simu na wenye magari, yaani watu wenye mali. Tena wengi walioandikiwa hawakujibu. Bambo lilikuwa limechoma upande mmoja tu wa gunia.

Tuseme wilaya fulani ina watu 200,000, na watu 400 wamechaguliwa kama kwa kura. Kila mmoja wao asimama mahali pa watu 500. Jibu litakalopatikana laweza kuzidi au kupungua kweli kwa sehemu kama 5 katika mia. Na ili kosa hilo lipunguzwe nusu, yafaa waulizwe watu 1,600. Basi mtu aliyechaguliwa asijione kuwa ni mmoja tu. Akisema uongo, amewasemea uongo watu 500. Akikataa kujibu, watu wa namna yake huenda wakakosa mtu wa kuwasemea.

Daftari ya wiki moja

Njia mojawapo iliyotumika sana katika Marekani na Uingereza ni kumpa msikilizaji daftari ndogo, aandike habari zake za siku saba. Kila afunguapo redio huandika saa aliyoanza kusikiliza, saa aliyoacha, jina la kituo, na mahali alipokuwa: nyumbani, kazini, garini au penginepo. Katika Marekani kila mtu wa nyumba iliyochaguliwa, mwenye umri wa miaka 12 na zaidi, hupewa daftari yake mwenyewe. Hesabu hufanywa kwa robo saa: msikilizaji aliyekaa na kituo dakika tano au zaidi katika robo saa huhesabiwa kuwa alikisikiliza katika robo hiyo.

Tangu mwaka 2007 miji mikubwa ya Marekani imeanza kutumia njia nyingine. Mtu aliyechaguliwa hubeba mwilini kifaa kidogo, nacho hutambua alama iliyofichwa ndani ya sauti ya kituo, ambayo sikio la mwanadamu haliisikii. Katika Kenya desturi kubwa imekuwa ni kuulizwa kwa mdomo au kwa simu: jana ulisikiliza kituo gani, na saa ngapi? Njia ni mbalimbali, lakini wajibu wa msikilizaji ni mmoja.

Mambo yampasayo msikilizaji

La kwanza, aliyechaguliwa ndiye ajibu. Ikiwa jina la mke ndilo lililotokea, si vema mume ajibu kwa ajili yake, wala mtoto aliyesoma asijibu mahali pa bibi yake. Mzee aamka alfajiri kusikiliza habari; kijana hufungua muziki jioni; mama huenda akachukua redio shambani. Mmoja akijibu kwa wote, wengine wamefutwa.

La pili, aandike mara moja. Anayengoja hadi siku ya saba kujaza daftari nzima hukumbuka tu kituo chenye jina kubwa, na vile vidogo alivyovisikia husahauliwa.

La tatu, aandike alichokisikia, si kile anachodhani kingempa heshima. Mtu aliyesikiliza ngoma jioni nzima huona haya, akaandika habari za dunia na mafundisho ya afya. Hapo hakumdanganya mwulizaji peke yake. Amewadanganya wanaopanga vipindi, nao wataendelea kutengeneza kipindi cha afya ambacho hakuna anayekisikiliza, badala ya kukitengeneza upya ili kipendeze.

La nne, kusikia ni kusikia, hata kama redio si yako. Maelezo ya daftari za Marekani yamesema wazi kwamba redio yo yote uisikiayo huhesabiwa, ingawa hukuichagua wewe. Basi daftari ya namna hiyo ikikufikia, andika redio ya dukani, ya kinyozi, na ya matatu. Na siku ambayo hukusikia redio kabisa, useme hivyo. Siku tupu nayo ni jibu, na daftari hizo zimewekewa mahali pa kutia alama kwa ajili yake.

La tano, asijibu kwa kumpendelea mtu. Mtangazaji akiomba hewani, "Mkiulizwa, semeni mwanisikiliza mimi," msikilizaji hana deni kwake. Kwa sababu iyo hiyo, ni desturi ya wachunguzi kutowachagua watu wanaofanya kazi katika vituo vya redio, wala jamaa wa nyumba zao.

Juu ya hofu

Wako wanaoogopa kwamba mwulizaji ametumwa na mtoza kodi. Hofu hiyo ina asili yake, kwa maana zamani chombo cha redio kilitakiwa kuwa na leseni. Katika Uingereza leseni ya redio peke yake iliondolewa mwaka 1971. Mchunguzi wa kweli hatafuti leseni, wala majina ya waliojibu hayapelekwi kwa vituo. Kinachotolewa ni jumla ya hesabu tu.

Hata hivyo yafaa kuwa macho. Mwulizaji wa haki hueleza ametumwa na nani. Haombi fedha, wala haulizi namba ya siri ya simu au ya benki. Akiuliza hayo, usimjibu, uachane naye. Lakini akiuliza ulisikiliza nini jana, na saa ngapi, mjibu kwa kweli, hata ikiwa jibu lenyewe ni kwamba hukusikiliza neno lo lote.