Staha ya Mezani: Mtu Mzima na Chakula cha Safari

Atokaye Dar es Salaam kwa barabara ya Morogoro, akiondokea Kituo cha Mabasi cha Magufuli kilichofunguliwa Mbezi mwaka 2021, huifikia Kibaha, makao makuu ya Mkoa wa Pwani, kabla njaa haijamkolea; na hapo aghalabu hununua korosho na mayai ya kuchemsha dirishani, akala huku basi likinguruma na mtoto wa jirani akimpapasa bega, asiipate hata ladha ya alichokitia kinywani. Huko ni kushiba, lakini si kula.

Katika nyumba nyingi za mwambao, tangu kale, wakubwa walikuwa na sinia lao na watoto lao, wakisimamiwa na dada au bibi; wala haikuwa kwa chuki, bali kwa kuwa mazungumzo ya watu wazima yana faragha yake, na mtoto naye hula kwa raha zaidi asipokodolewa macho na mjomba. Basi msafiri atamaniye mlo usio na vilio wala mbio za chini ya meza hajazua bidaa, na haimpasi kuona haya. Unguja zipo hoteli za ufukweni ziwapokeazo watu wazima peke yao, ingawa gharama yake humlemea mtu wa kipato cha kawaida.

Huyo wa kipato cha kawaida namwelekeza Kisarawe. Mji ule, uliojitenga nyuma ya vilima na msitu wa Pugu, haupitiwi na njia kuu ya mabasi ya bara, kwa hiyo hakuna utingo wa kukuhimiza unyanyuke. Nenda siku ya kazi, adhuhuri, wanafunzi wangali madarasani. Mwambie mama lishe mapema kwamba huna haraka, uchague benchi lililo mbali na runinga, kisha ule wali wa nazi kwa kisamvu kilichotwangwa kikalainika, au bada, ule ugali wa muhogo ambao hautaki pupa, maana ukimezwa kwa haraka hukaa kifuani. Wako wanaokimbilia baa, kwa kuwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inawazuia watoto kuingia humo. Lakini muziki wa baa huondoa utulivu uleule uliofuatwa.

Nasema haya hasa kwa ajili ya wanawake. Mwanamume wa pwani ana baraza yake na kahawa yake tangu zama za mababu. Mama, ambaye nyumbani hupakua kwanza na kula mwisho, mara nyingi kwa mkono mmoja, ndiye mwenye haja kubwa zaidi ya saa moja ya namna hii, naye akiketi peke yake mezani Kisarawe au Kibaha anastahili kuandaliwa kwa taadhima, pasipo mtu yeyote kumhoji watoto amewaacha na nani.